Mkaratusi Nyumbani: Mahali Pake, Faida Zake na Mipaka Yake

Kila mwaka, mvua za Novemba zinapokaribia, wananchi wa kata zetu hufika kwenye vitalu vya miche na kuulizia mti mmoja kabla ya mingine yote: mkaratusi. Sababu yao inaeleweka. Mkaratusi hukua haraka, hauliwi ovyo na mifugo, hustahimili kiangazi kirefu, na baada ya miaka michache humpatia mwenyewe nguzo, fito, kuni na fedha. Hata hivyo mti huo huo ndio unaoleta ugomvi kati ya majirani: huyu analalamika kwamba mahindi yake yamedumaa kando ya mpaka, yule anasema kisima chake kimepungua maji, na mwingine ana tawi lililoangukia bati.

Makala haya yanakusudia kueleza mti huu ni wa namna gani, unafaa kupandwa wapi katika kiwanja au shamba la mkazi wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, na ni mahali gani haupaswi kupandwa kabisa. Hayakusudii kuusifu wala kuulaani. Mti hauna kosa. Kosa huwa la aliyeupanda pasipostahili.

ASILI YA MTI HUU

Mikaratusi ni jamii kubwa yenye aina zaidi ya 700, na karibu zote asili yake ni Australia. Huko kwao ndiyo miti ya kienyeji, kama migunga na mibuyu ilivyo kwetu. Aina inayopandwa zaidi katika maeneo makavu ya Afrika Mashariki, na ambayo wakazi wengi wa kanda yetu wanaijua hata kama hawajui jina lake, ni ile ambayo wataalamu huiita Eucalyptus camaldulensis. Huko Australia huota hasa kandokando ya mito, na imeenea katika bara hilo kuliko mkaratusi mwingine wowote.

Jina hilo refu lina historia ya kuvutia. Mwaka 1832 mtaalamu wa mimea aliyeitwa Frederick Dehnhardt aliuandika mti huu kitaalamu, lakini hakuuona Australia. Aliuona ukiwa umepandwa katika bustani ya Camaldoli, karibu na mji wa Napoli, Italia. Kwa hiyo mti unaotokana na kingo za mito ya Australia umebeba jina la bustani ya Ulaya, na tangu mwanzo wa safari yake umekuwa mti wa kusafirishwa na kupandwa ugenini.

Katika Afrika Mashariki, mfano unaojulikana zaidi wa kuupokea mkaratusi ni wa Ethiopia. Mwishoni mwa karne ya 19, mji mpya wa Addis Ababa ulikuwa umemaliza kuni za milima iliyouzunguka. Katika utawala wa Mfalme Menelik wa Pili mikaratusi ililetwa na kupandwa kwa wingi, na mji ukabaki mahali pake. Huo ni ushahidi wa nguvu ya mti huu. Lakini ushahidi wa upande wa pili upo pia: mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mkazi mwenye busara atayaweka yote mawili akilini kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

KWA NINI UNASTAHIMILI UKAME

Mkoa wa Shinyanga hupata mvua ya takriban milimita 700 kwa mwaka, ikinyesha kati ya Novemba na Mei, kisha miezi mitano hivi ya ukavu. Geita, iliyo karibu zaidi na Ziwa Victoria, hupata mvua nyingi kuliko hiyo. Mti utakaoishi Kishapu au Shinyanga vijijini lazima ujue kuvumilia kati ya Juni na Oktoba.

Mkaratusi una mbinu tatu. Ya kwanza ni mizizi: pamoja na ile inayotambaa karibu na uso wa ardhi, hupeleka mingine chini sana kutafuta unyevu ambao mazao hayaufikii. Ya pili ni majani: kwenye mti mkubwa majani huning'inia wima badala ya kulala bapa, hivyo jua kali la mchana haliyapigi moja kwa moja. Ndiyo maana pia kivuli cha mkaratusi ni chepesi, na anayekaa chini yake saa sita mchana hapati baridi kama ya chini ya mwembe. Ya tatu ni uwezo wa kuchipua: ukikatwa au kuunguzwa na moto, kisiki na shina hutoa machipukizi mapya kutoka kwenye macho yaliyofichika chini ya gome.

Mbinu hizo ndizo zinazoufanya upendwe. Lakini msomaji atambue kwamba kila mbinu ina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na kile kilicho jirani na mti.

SUALA LA MAJI

Watu wengi husema kwamba mkaratusi “unakunywa maji”. Kila mti hunywa maji. Jambo linaloutofautisha mkaratusi ni kwamba hukua haraka na hubaki na majani yake mwaka mzima. Mti wenye majani huendelea kuvuta maji ardhini na kuyatoa hewani hata mwezi wa Septemba, wakati ambapo mbuyu na mng'ongo vimekwisha pukutisha majani na kupumzika. Mti mmoja uliosimama peke yake pembeni mwa shamba hauwezi kukausha kijiji. Lakini safu nzima juu ya kisima kifupi, au shamba la mikaratusi kwenye chemchemi, linaweza kupunguza maji ambayo kaya nyingi zinayategemea wakati wa kiangazi.

Kwa sababu hiyo sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Mwananchi asidhani kwamba kupanda mikaratusi ndani ya mita hizo ni “kutunza chanzo cha maji”. Chanzo cha maji hutunzwa kwa kuacha mimea ya asili iote na kwa kuzuia mifugo na majembe. Ikiwa ni lazima kupanda, wananchi waombe ushauri wa Afisa Misitu kuhusu miti ya asili inayofaa.

UDONGO WA KWETU NA MKARATUSI

Wazee wetu wa Kisukuma waliainisha udongo kwa majina kabla ya wataalamu kuja na vipimo, na majina hayo bado ni mwongozo mzuri kwa mpandaji.

Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga ulio miinukoni, mkaratusi hushika vizuri kwa kuwa mizizi hushuka bila kizuizi, ingawa miche huhitaji kumwagiliwa zaidi katika kiangazi cha kwanza.

Kwenye itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini, mche hudumaa ikiwa shimo halikuvunja tabaka hilo. Mizizi hufika pale, hugeuka na kuzunguka kama iliyo ndani ya chungu. Hapa sururu itangulie jembe.

Kwenye ibushi, udongo wenye chokaa, mikaratusi mingi hugeuka njano majani yake kwa sababu chokaa huuzuia mti kupata madini ya chuma. Ni afadhali kuchagua mti mwingine.

Kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, mkaratusi tunaouzungumzia hustahimili maji yanayotuama kwa muda, kwa kuwa ni mti wa kandokando ya mito. Lakini udongo huo hupasuka wakati wa kiangazi na kukata mizizi michanga. Aidha, mbuga ndiyo ardhi ya mpunga na malisho, na si busara kuitoa kwa mti unaoweza kuota mahali pengine.

UMBALI WA KUPANDA

Hili ndilo jambo ambalo likizingatiwa lingemaliza sehemu kubwa ya ugomvi. Wakazi wanashauriwa wafuate umbali ufuatao.

Kutoka kwenye nyumba, mita 20 au zaidi. Mkaratusi mkubwa una tabia ya kuangusha tawi zima ghafla, hata siku isiyo na upepo. Tabia hiyo inajulikana sana huko Australia, ambako watu huonywa wasilale wala kupumzika chini yake. Kwa hiyo usipandwe katika uwanja wa shule, mahali wanapochezea watoto, kwenye kituo cha mabasi wala sokoni. Isitoshe, majani yake yakidondoka kwenye bati huziba mifereji na kuharibu maji ya mvua yanayovunwa kwa matumizi ya nyumbani.

Kutoka kwenye kisima, mita 60 au zaidi, sawa na umbali wa vyanzo vingine vya maji.

Kutoka kwenye mpaka wa shamba la jirani, mita 10 au zaidi. Mizizi ya juu ya mkaratusi hushindana na mahindi, pamba na dengu kwa maji na rutuba, na majani yake yaliyorundikana huzuia baadhi ya mbegu kuota. Ni haki ya aliyeupanda kupata hasara hiyo katika ardhi yake mwenyewe, na si haki kuihamishia kwa jirani. Anayetaka kupanda karibu zaidi na mpaka apatane na jirani yake mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na makubaliano yaandikwe.

Chini ya nyaya za umeme usipandwe kabisa, maana hufikia urefu wa mita 20 na zaidi.

Mkazi mwenye kiwanja kidogo cha mjini, iwe Kahama, Shinyanga au Geita, akishapima umbali huo wote ataona kwamba hakubaki mahali pa kuupanda. Jibu kwake ni moja: kiwanja chake si mahali pa mkaratusi. Miti inayomfaa imetajwa mwishoni mwa makala haya.

KUPANDA NA KUTUNZA

Mbegu za mkaratusi ni ndogo mno, karibu na vumbi. Kwa hiyo huoteshwa kwenye kitalu na kuhamishiwa kwenye viriba. Mche uliofikisha sentimita 20 hadi 30 unatosha kupandwa. Wananchi wengi hupenda kuchukua mche mrefu wakidhani wametangulia, kumbe mche uliokaa sana kwenye kiriba una mizizi iliyojikunja chini. Ukipandwa hivyo hukua vizuri kwa miaka miwili au mitatu, kisha huangushwa na upepo wa kwanza mkali. Kabla ya kupokea mche, tazama chini ya kiriba; ukiona mizizi imejizungusha, uukatae.

Mashimo yachimbwe mapema, wakati wa kiangazi, yakiwa na upana na kina cha sentimita 40 hadi 60. Udongo wa juu utengwe na wa chini, kisha ule wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na kurudishwa kwanza. Mche upandwe baada ya mvua kulowesha ardhi hadi chini, si baada ya manyunyu ya kwanza. Kiriba kiondolewe kabla ya kupanda, na kisitupwe shambani.

Adui wa kwanza wa mkaratusi mchanga ni magugu. Mti huu unaosifiwa kwa uimara hauvumilii kushindana na nyasi akiba yake ya maji ikiwa bado ndogo. Eneo la mita moja kuuzunguka lipaliliwe kwa misimu miwili ya kwanza.

Adui wa pili ni mchwa, ambao katika nchi yetu kavu huweza kumaliza miche yote ya shamba jipya. Mche wenye afya, uliopandwa wakati ardhi ina unyevu, huhimili zaidi. Majani makavu ya kufunikia udongo yasigusane na shina, maana ndiyo njia wanayopitia.

Adui wa tatu ni mdudu mdogo wa jamii ya nyigu ambaye tangu mwanzo wa miaka ya 2000 ameenea Afrika Mashariki. Hutaga mayai kwenye vikonyo na uti wa kati wa jani, na mahali hapo huvimba vinundu. Aina ya mkaratusi inayopandwa kwetu ndiyo mojawapo ya zile anazozishambulia zaidi. Mwananchi akiona vinundu hivyo kwenye miche ya kitalu asiinunue, na amjulishe Afisa Misitu au Afisa Kilimo wa kata.

KUVUNA KWA MPANGO

Mkazi mwenye robo ekari ya ziada, mbali na nyumba na maji, anaweza kujipatia kuni na fito kila mwaka pasipo kuugusa msitu. Robo ekari ina takriban mita za mraba 1,000. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ambayo inafaa katika eneo kavu, huingia miti 108 hivi. Badala ya kupanda yote kwa mara moja, apande miti 18 kila mwaka kwa miaka 6. Mwaka wa saba akate ile 18 ya kwanza, mwaka wa nane ile ya pili, na kuendelea. Atakapomaliza mzunguko, visiki vya kwanza vitakuwa vimekwisha chipua na kukua.

Mti ukatwe kwa msumeno, sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, mkato ukiwa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki. Gome lisichanwe, kwa sababu machipukizi hutoka chini yake. Wakati mzuri ni karibu na mwanzo wa mvua. Machipukizi yakifikia urefu wa mtu, yachaguliwe mawili au matatu yenye nguvu, na mengine yaondolewe. Mwenye kufuga nyuki naye atanufaika, kwa kuwa maua ya mkaratusi yana nekta nyingi.

Kabla ya kukata kwa ajili ya kuuza au kusafirisha, mwananchi afike kwa Afisa Misitu ili aelezwe kibali na hati zinazotakiwa. Kufika mapema ofisini ni rahisi kuliko kujieleza kwenye kizuizi cha barabarani.

MATIMBA YA MADUARA

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Mbogwe hadi Nyarugusu na Rwamgasa, kuna hitaji la miti ambalo halipo sehemu nyingine: matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta na paa la duara zisiporomoke. Kwa miaka mingi matimba yamekatwa katika misitu ya asili, na kila duara jipya humeza miti iliyochukua miongo mingi kukua. Mikaratusi ya kupandwa inaweza kupunguza mzigo huo, na wapo wakulima waliokwisha kuona kwamba hilo ni soko.

Lakini hapa tahadhari ni ya uhai. Mkaratusi wa miaka mitatu au minne, ingawa kwa macho umenyooka na kunenepa, ndani yake una mti mweupe mwingi na kiini kidogo. Sehemu hiyo nyeupe huoza upesi penye unyevunyevu na huliwa na wadudu na mchwa. Timba lililosimama imara Januari linaweza kuwa limeoza ndani kabla ya mwaka kwisha huku gome la nje likionekana zima. Aidha, mkaratusi mbichi ukikaushwa haraka juani hupasuka kwa urefu, na gogo lililopasuka halibebi uzito uliokusudiwa.

Kwa hiyo mkulima anayelenga soko la matimba auache mti ukomae, auchune gome baada ya kukata, na aukaushe polepole kivulini. Mchimbaji naye asitazame bei peke yake: akague matimba yake mara kwa mara, ayagonge na kusikiliza, ayabadilishe kabla hayajalegea, na afuate maelekezo ya wakaguzi wa Tume ya Madini. Kifusi hakina subira, na familia inayomsubiri mtu juu ya duara haifidiwi kwa nafuu ya shilingi chache kwenye bei ya gogo.

Jambo jingine kwa wakazi wa maeneo ya machimbo: ardhi iliyomwagwa marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, huweza kuwa na zebaki. Ardhi hiyo isilimwe mchicha wala kupandwa miti ya matunda. Anayetaka kuipanda miti isiyoliwa aombe kwanza ushauri wa ofisi ya mazingira ya Halmashauri.

MAJANI NA AFYA

Majani ya mkaratusi yanajulikana sana kwa kujifukiza mtu anapokuwa na mafua. Mvuke huo huweza kumpa mtu nafuu ya kupumua, lakini hautibu homa ya mapafu, malaria wala kifua kikuu. Mwenye homa kali au kikohozi cha zaidi ya wiki mbili afike zahanati. Mafuta ya mkaratusi yasinywewe hata kidogo, na yawekwe mbali na watoto, kwa kuwa kiasi kidogo tu kikimezwa huweza kumdhuru mtoto vibaya. Sufuria la maji ya moto la kujifukizia nalo limewaunguza wengi. Mtoto asiachwe peke yake karibu nalo.

MITI YA ASILI NDIYO YENYE NYUMBA

Historia ya mkoa wetu ina somo kubwa juu ya suala hili. Katika karne ya 20 misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa sababu mbalimbali: kuangamiza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba, kupata kuni, na baadaye watu kuhamishiwa kwenye vijiji vipya. Nchi ikawa tupu kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali, kwa msaada wa Norway, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ambao uliendelea hadi mwaka 2004.

Mwanzoni mradi ulitegemea sana vitalu na miche ya miti ya kigeni. Mabadiliko makubwa yalikuja pale ulipogeukia desturi ya Wasukuma wenyewe: ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti viote, kisha kufunguliwa kwa malisho kiangazi kikiwa kikali. Visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini ilichipua yenyewe. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zikaongezeka hadi mamia ya maelfu ya hekta katika vijiji zaidi ya 800, zikisimamiwa na kaya, serikali za vijiji na mabaraza ya jadi ya dagashida. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Msitu huo ulirudishwa na subira na makubaliano ya watu kuliko ulivyorudishwa na miche ya kununua.

Somo hilo linafaa hata kwa kiwanja kimoja. Kabla ya kununua mche, tazama kama kuna kisiki hai cha mgunga au mti mwingine wa asili uwanjani. Kikichaguliwa chipukizi moja au mawili na kupogolewa, kitakua haraka kuliko mche wowote, kwa sababu mizizi yake imekwisha kufika chini.

Kwa kivuli cha uwanja, mgunga hutandaza matawi kama mwavuli, maganda yake huliwa na mbuzi, na mizizi yake huongeza rutuba ya naitrojeni ardhini. Apandaye akumbuke tu miiba yake mahali penye watoto. Mkwaju hukua polepole, lakini huishi miaka mingi, hutoa kivuli kizito na matunda yenye soko. Mng'ongo hutoa matunda na hustahimili ukame. Mbuyu unataka nafasi kubwa, lakini majani, unga na mbegu zake vyote ni chakula. Kwa kiwanja kidogo, mlonge na mwarobaini, ambayo ingawa asili yake ni Asia imekwisha kuzoea nchi yetu, hupogolewa kwa urahisi.

Kwa ufupi, mkaratusi ni mti wa shamba la miti, si mti wa uwanja wa nyumba. Uwekwe mahali pa kuvunwa, upimiwe umbali, ukatwe kwa zamu. Uwanjani tuweke miti ambayo wajukuu wetu watakaa chini yake bila kutazama juu kwa hofu.

Wananchi wenye maswali kuhusu miche, udongo wa mashamba yao, au mgogoro wa miti mipakani wanakaribishwa kufika ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata au ya Afisa Misitu siku za kazi. Ni vema wafike sasa, mashimo yakiwa bado hayajachimbwa.